Uzi wa wenye ditekta Kigoma na Tabora: pete zimelala kwenye zile namba mnazoziruka

mwisho_wa_reli (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni, wa Kigoma na Tabora hasa, na wengine wote karibuni.

Nyuzi za ditekta (hizi mashine za kusikia vyuma na madini ardhini) nimezisoma miaka na karibu zote zinaishia sehemu moja, rupia ya Mjerumani (sarafu ya zamani) inayodaiwa kukimbiza mchele, dalali anasubiri nauli, mganga anataka kuku mweusi. Mi nataka tuongelee kitu kingine kabisa, kutafuta vitu vidogo vilivyodondoka tu, sarafu za kawaida, pete, hereni, mikufu, kwa mashine za kisasa, hapa hapa kwetu. Nina miezi kumi na nne kwenye hii kazi na naipenda kweli. Kuna jambo moja ningeambiwa siku ya kwanza ningeokoa mda mwingi sana: pete ya dhahabu hailii kama dhahabu. Inalia kama karatasi ya sigara. Ndo maana watu wanapita juu yake kila siku na mashine zao za mamilioni.

Nianze na mashine. Nilikua na ya zamani ya mshale, ina frikwensi moja, mlio mmoja kwa kila kitu. Ukienda nayo ufukwe wa Kibirizi utalia, pale mitumbwi inaundwa na kukarabatiwa kila siku, misumari imejaa mchangani, unafukua mia moja unarudi nyumbani na mfuko wa kutu. Mwaka jana binamu yangu anaeishi Canada alikuja msibani, akaniachia Minelab Equinox 800 aliyokua ameitumia huko, yeye kanunua nyingine. Wiki ya kwanza nilitaka kuirudisha kabisa, kelele nyingi, namba zinarukaruka, nikasema bora ya mshale. Kumbe mashine haina shida, ni mi sijui lugha yake.

Hii mashine inatuma frikwensi kadhaa kwa wakati mmoja, sio moja, kwa iyo inakilinganisha kitu kwa njia tofauti kabla ya kukupa namba. Namba zinaanzia -9 mpaka 40. Zilizo chini ya sifuri ni chuma, msumari, waya, kipande cha jembe. Zinavyopanda ndo unaingia kwenye vitu visivyo chuma, na namba inapanda kadiri kitu kinavyopitisha umeme vizuri na kadiri kilivyo kikubwa na kinene. Sarafu nene ya fedha inakaa juu kabisa. Sasa watu wakishasikia ivyo wanafukua za juu tu, za chini na za kati wanaruka. Na dhahabu ya pete nyembamba ya kike iko wapi? Iko humo humo chini na kati, pamoja na karatasi za sigara, foili za vidonge, vipande vya sufuria na vile vipete vya kufungulia kopo. Hakuna mashine duniani inayoweza kukwambia hii ni pete na hii ni foili kama vina ukubwa na upitishaji umeme unaofanana, ata iwe ya bei gani. Ukiruka foili umeruka na pete. Basi.

Jambo la pili ni udongo. Huku kwetu ukitoka mchangani ukipanda juu kidogo unakutana na udongo mwekundu, ule wekundu ni chuma, na mashine inausikia. Lazima uisawazishe, unatafuta sehemu safi isiyo na kitu, unashikilia kitufe huku unaipandisha na kuishusha koili (ile sahani ya chini) taratibu mpaka kelele itulie. Na ukihama mchangani kwenda kwenye udongo mwekundu unarudia tena. Kuna jamaa alikua anatembea na mashine nzuri kuliko yangu siku nzima analalamika inapiga kelele hovyo, nikamuuliza umesawazisha wapi, akasema nyumbani sebuleni. Sebule ina nondo kwenye sakafu ndugu yangu.

Na usiweke sensitiviti (ukali wa kusikia) mwisho ukidhani ndo utafika chini zaidi. Punguza mpaka mashine itulie. Sarafu mashine kama hii inaipata sentimita ishirini na kidogo ukiwa na udongo mzuri, ukisikia mtu anakwambia yake inaona pete mita tano chini anataka kukuuzia kitu.

Nitaendelea na stori ya pete ya ufukwe wa Bangwe, ngoja nile kwanza.

mtoto_wa_gungu

Siti ya mbele kabisa mkuu. Swali langu la kwanza, vizibo vya soda na bia unafanyaje? Mi nina ditekta ya Nokta Legend, nimeagiza, nzuri sana ila vizibo vinanimaliza, kila nikipata namba nzuri ya sarafu nachimba kizibo cha bia.

mwisho_wa_reli

Kizibo ndo mwalimu wetu sote mkuu, ni bati la chuma, ila umbo lake la duara linaidanganya mashine inakupa namba ya sarafu. Mi nafanya ivi. Kwanza nabonyeza kile kitufe cha alama ya kiatu cha farasi (Equinox, yako nadhani ina chake) nisikie na vyuma vyote bila kuchuja. Sarafu nzuri inatoa mlio mmoja safi ukipita huku na ukipita kule, alafu nazunguka robo, napita tena kwa upande mwingine, namba inabaki pale pale. Kizibo ukikipitia na ukingo wa koili badala ya katikati utasikia ule mlio wa chuma unaguna pembeni, na namba inacheza, 18, 24, 15. Kikiwa kimeoza sana na kutu ndo kigumu zaidi kukijua.

Ila nakwambia ukweli, kama uko ufukweni na mchanga ni laini, chimba tu. Unatumia sekunde kumi kwa chekeche. Kwenye uwanja wa watu au bustani ndo uchague, maana pale kila shimo unatakiwa ulifukie kama hujawahi kufika.

mwisho_wa_reli

Haya, Bangwe.

Ilikua jumapili asubuhi mapema, watu wa kuogelea hawajaja. Mchanga wa pale mtamu, hauna misumari kama Kibirizi. Nikapata 9, safi, haichezi. Nimeshachimba 9 nyingi pale, zote foili za vidonge. Nikasema hii naiacha, nikapiga hatua mbili, alafu nikajikumbusha sheria yangu nikarudi. Chekeche la kwanza hamna, la pili hamna, la tatu mchanga umepita kikabaki kitu cha njano. Wakuu dhahabu haina kutu, haibadiliki rangi, imetoka kwenye mchanga kama imetoka kwa sonara jana. Ndani imepigwa 750, maana yake dhahabu sehemu 750 kati ya elfu, ndo karati 18. Na kuna herufi mbili na tarehe imechorwa.

Tarehe ikanimaliza. Mtu aliyechora tarehe ndani ya pete hakuitupa.

Kutafuta mwenyewe nikafanya ivi na nawashauri wote mfanye ivi: nilitangaza nimeokota pete Bangwe, sikusema rangi, sikusema herufi, sikusema tarehe, picha sikuweka. Niliwaambia watu wa msikitini, watu wa parokia, mama ntilie wa pale na vijana wa bodaboda, hao bodaboda ndo redio ya mji. Walikuja wanne. Wa kwanza alisema ina kito chekundu. Wa pili hakujua kama kuna maandishi. Wa tatu alikua mama mmoja wa Mwanga ya hapa mjini, akakaa kimya kidogo alafu akasema ndani kuna herufi za mimi na marehemu, na tarehe akaitaja mpaka siku. Ilidondoka akimsuuza mjukuu, miaka mitatu nyuma. Nilimpa pale pale. Wa nne alikuja kesho yake na yeye alikua kweli kapoteza pete pale, ila nyingine, bado naitafuta.

Yule mama alitaka kunilipa nikakataa, jumamosi yake akaniletea sufuria zima la mgebuka wa mawese nyumbani. Sijui niwaelezeje, ila tangu siku iyo siwezi tena kuruka namba 9.

fundi_spika

Hongera sana kaka, umefanya uungwana. Sasa mi niulize lile swali la kila mtu, kipato kiko wapi? Miezi kumi na nne umepata nini cha kuuza?

mwisho_wa_reli

Nakujibu kwa daftari maana naandika kila kitu. Pete sita, tatu dhahabu, mbili nimerudisha, moja mwenyewe hajapatikana ninayo. Fedha mbili. Moja ni ile ya njano ya kichina. Hereni nyingi za bei rahisi. Mkufu mmoja mnene. Sarafu za shilingi mia na mia mbili zinalipia betri na nauli, si zaidi. Sarafu za zamani kama arobaini. Mtu akikwambia utajenga nyumba kwa ditekta ya sarafu anakudanganya. Mi kazi yangu ni nyingine, hii naifanya asubuhi na siku za mapumziko. Kinachoingiza kidogo ni kuitwa, mtu kapoteza pete uani au shambani ananipigia naenda, ananipa anachoweza.

Na mikufu niseme kitu, mikufu myembamba ya dhahabu mashine inakaribia kuwa kiziwi kabisa. Haioni mkufu mzima, inaona kila kijipete cha mnyororo peke yake, na kijipete kimoja ni kama punje ya mchele. Mara nyingi kinacholia ni kile kishikizo cha kufungia. Ivyo ivyo pete iliyokatika, pete nzima ni duara umeme unazunguka vizuri, ikikatwa namba inashuka sana.

unyanyembe

Natokea Tabora wakuu, nimeupenda huu uzi. Niongeze kwenye upande wa sarafu za zamani maana ndo ugonjwa wangu, na nimechoka na uongo wa rupia unavyowaumiza watu, nina mjomba wangu aliuza ng'ombe wanne kwa ajili ya rupia ambayo hakuiona.

Sarafu utakazokutana nazo huku kwetu ni hizi. Za Mjerumani, zina maneno Deutsch Ostafrika. Mpaka 1904 rupia moja ilikua pesa 64, baada ya apo wakabadili ikawa rupia moja ni heller 100. Heller moja ni ya shaba nyekundu, ndogo, hizi ni nyingi. Kuna za tundu katikati, heller 10 na heller 5, nyeupe. Rupia yenyewe ni fedha, ina uzito wa gramu 11 na nusu na kidogo, ina kichwa cha Kaiser Wilhelm wa pili kavaa kofia yenye ndege juu. Sarafu nzuri, naipenda, ila haikimbizi mchele, haivuti sindano, haizimi tochi. Ni fedha tu. Wanaokusanya sarafu wananunua ya kawaida kwa makumi ya dola kutegemea hali yake, sio mamilioni mia.

Alafu sasa sarafu za kwetu sisi wa Tabora, hizi ndo fahari. Vita ya kwanza Mwingereza alifunga bahari, Mjerumani akawa hapati sarafu toka kwao, mishahara ya askari inatakiwa. Mwaka 1916 wakaanza kupiga sarafu wenyewe Tabora, kwenye karakana ya reli. Wakapiga heller 5 na heller 20 za shaba, zina mwaka 1916 na herufi T, T ya Tabora. Sio nzuri kwa macho, nyingine zimepigwa kombo, lakini mi nikiishika moja nasikia kitu. Zilipigwa na mashine za gereji ya treni, mjini kwetu.

Na wakapiga ya dhahabu, rupia 15, ya tembo. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke kule Iramba. Tembo kasimama mbele ya milima, chini 1916, na T. Zilikua kama elfu kumi na sita tu. Ina milimita 22 na gramu 7.168. Hii ndo kweli ina bei, mnadani inaenda maelfu ya dola. Na ndo maana za bandia zimejaa. Kipimo rahisi kabisa ni mizani ya sonara: ya shaba ya njano yenye ukubwa na unene ule ule itakuja kama gramu 4, sio 7. Kabla hujatoa hata mia tano weka kwenye mizani.

Septemba 1916 Wabelgiji wakaingia Tabora na mambo ya kupiga sarafu yakaisha.

mtoto_wa_gungu

Mkuu unyanyembe umenigusa pabaya!! Mi nimeokota ya tembo. Kweli kabisa. Njano, tembo anatembea, niliipata karibu na njia ya bandarini wiki tatu zilizopita na kuna mzee kanifata anasema ni milioni 80 ila nitoe laki mbili ya kuisafirisha kwa mnunuzi. Sijalala wakuu.

unyanyembe

Laki mbili usitoe mdogo wangu, subiri kwanza. Nijibu mambo matatu. Ni duara au ina pembe? Ina mwaka gani? Imeandikwa nini?

mtoto_wa_gungu

Ina pembe. Sita. Mwaka 1943. Imeandikwa Banque du Congo Belge na 2.

unyanyembe

Pole mdogo wangu, na pia hongera. Iyo ni faranga 2 ya Kongo ya Mbelgiji, ni shaba ya njano, ilipigwa Marekani, Philadelphia, maana Ubelgiji yenyewe ilikua imekaliwa na Hitler. Sio dhahabu. Haina bei kubwa. Lakini ni sarafu halisi na ni historia ya mji wako hasa, itunze. Iyo ya Tabora ni duara na inasoma 1916.

mwisho_wa_reli

Na niwaambie kwa nini Kigoma tunapata sana sarafu za Kongo. Wabelgiji waliuchukua huu mji 1916, na hata Mwingereza alipopewa Tanganyika wao walibaki na eneo lao bandarini Kigoma na lingine Dar, mkataba wa 1921, mizigo ya Kongo ilikua inavuka ziwa toka ng'ambo kule Kalemie inapakiwa kwenye treni mpaka baharini. Makuli, mabaharia, wafanyabiashara wote wanapita hapa na faranga mfukoni. Nina za tundu zenye nyota pia, za sentimu, nilizipata tatu kwenye eneo moja chini ya mwembe, nahisi palikua na mama anauza chakula.

Mtoto wa Gungu huyo mzee muepuke, ila usigombane nae. Mwambie tu umeipima.

mtoto_wa_gungu

Nimeelewa wakuu. Nimeumia kidogo ila afadhali kuumia bure kuliko kuumia kwa laki mbili. Asanteni.

fundi_spika

Kwa kuwa tumefika kwenye utapeli nichangie kwenye fani yangu. Zile antena mbili za kushika mkononi zinazogeuka zenyewe, wanaziuza kwa mamilioni wanasema zinaona dhahabu kilomita moja. Nimeletewa mbili nizitengeneze. Ndani ya kile kiboksi moja ilikua na betri, taa na kikalkuleta, haijaunganishwa na antena kwa waya wowote. Zinageuka kwa sababu mkono wako unainama kidogo bila kujua. Ditekta ya kweli ina koili, inatuma mawimbi ya sumaku ardhini na kusikiliza kinachorudi, na umbali wake ni wa mkono, sio wa kilomita. Kama haina koili usinunue. Nawaambia kama fundi, sina cha kuuza.

mha_wa_kasulu

Ujiji vipi? Palikua na Waarabu, misafara ya pembe za ndovu, Livingstone na Stanley walikutana pale 1871. Si ndo kungekua na dhahabu nyingi? Kwa nini mnahangaika na Kibirizi?

mwisho_wa_reli

Swali zuri na nilikua na wazo ilo ilo mwanzoni. Mi ni mzaliwa wa Ujiji, nimekulia kule. Kwanza, miaka ile sarafu haikua inatumika sana bara huku. Soko la Ujiji lilienda kwa shanga na nguo, kulikua na shanga zinaitwa sofi, ndefu kama vipande vya shina la kiko, ndo pesa ya kununulia samaki na unga. Ditekta haisikii shanga. Waya wa shaba na bangili ndo zingelia.

Pili na ndo kubwa, pale kwenye kumbukumbu ya Livingstone huendi na ditekta. Ni eneo la urithi, na Kwihara kule Tabora, alikokaa Livingstone, ivyo ivyo. Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964, kitu kilichotengenezwa na mtu kabla ya 1863 ni mali kale, kufukua bila leseni ni kosa, na ukikutana nacho kwa bahati unatoa taarifa. Na mi sioni kama ni sheria ya kutuonea. Mtu akichomoa bangili ya shaba toka ardhini usiku na kumuuzia dalali, hatutajua tena ilikua ya nani, ilikua kina gani, ilikua pamoja na nini. Ile njia toka Ujiji mpaka Bagamoyo watu walipita wamefungwa minyororo. Vitu vya pale sio vya kuweka kwenye soksi.

Makaburi sisemi hata. Kuna watu wamefukua makaburi ya Wajerumani na ya wazee wetu kwa ajili ya rupia, Mungu awasamehe.

Kwa iyo mi naenda ufukweni, uani kwa watu kwa ruhusa yao, mashamba ya ndugu, na viwanja vya mpira nikiongea na mtendaji kwanza. Eneo la reli siingii. Na dhahabu ya mwambani, ya kuchimba, ni sheria ya madini na leseni yake, hatuichanganyi hapa.

unyanyembe

Naunga mkono. Na ongezeni hili: huku Tabora ile Septemba 1916 walipigana vibaya, Itaga na maeneo ya pembeni. Risasi utazipata. Ukipata kitu kirefu kizito chenye kutu na umbo la chupa, au kama nanasi la chuma, usikiguse, usikigonge, weka alama, rudi nyuma kwa njia uliyojia, ita polisi. Kule Ngara 2017 watoto wa shule waliokota bomu la mkono wakidhani ni chuma chakavu, likawaua. Miaka mia haiondoi ukali wa baruti.

Na msisugue sarafu kwa mchanga wala limao na majivu! Nimeona heller nzuri imesuguliwa mpaka taji la Mjerumani limefutika. Maji safi, loweka, kausha kwa kitambaa, acha.

dada_wa_kibirizi

Kaka mwisho wa reli shikamoo, nimesoma uzi wote mpaka machozi apo kwa mama wa Mwanga. Mi nina shida. Mama yangu alikua na pete ya bibi yake, dhahabu, nyembamba, aliipoteza hapa hapa Kibirizi akiosha vyombo ziwani. Nakumbuka ilikua kabla maji hayajapanda sana, kabla ya 2020. Tulikua tunaanika dagaa pale pale. Sasa hivi ile sehemu ipo ndani ya ziwa. Inawezekana au niache? Mama ni mtu mzima, haongei juu yake ila kidole anakishika kila siku.

mwisho_wa_reli

Marahaba dada yangu. Inawezekana, siahidi. Nina maswali. Ilikua nzima au imekatika? Na sehemu yenyewe unaweza kuonyesha kwa kitu ambacho hakijahama, mti, jiwe, ukuta?

dada_wa_kibirizi

Iliwahi kukatwa, kidole kilivimba wakati wa mimba yangu, sonara akaikata akaiacha na mwanya ili aibane tena. Hakurudi kuiunga. Kuna jiwe kubwa jeupe lilikua mkono wa kulia ukitazama ziwa, sasa linaonekana kichwa tu.

mwisho_wa_reli

Basi hii ni ngumu zaidi kidogo, yenye mwanya itasoma chini sana, labda 3 au 4, kama kijikaratasi. Na pale pana misumari. Ila mashine yangu inaingia majini mpaka mita tatu, na Tanganyika ni maji baridi hayana chumvi kwa iyo sihitaji ile hali ya bahari, natumia ya kawaida. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi kabla upepo haujaanza. Njoo na mama kama anaweza, anionyeshe mwenyewe. Na tafuta kijana mmoja akae juu ya jiwe aangalie ziwa, mamba wapo, sifanyi mzaha na ilo. Nitavaa buti ndefu za mpira, kichocho pia kipo.

mtoto_wa_gungu

Mi nitakaa juu ya jiwe. Na Legend yangu nakuja nayo.

mwisho_wa_reli

Jumamosi usiku, naleta ripoti maana naona wengi mmeuliza.

Tulifika wanne, mama alikuja. Kasimama akaonyesha kwa fimbo, alikua anakaa na sufuria hapa, dagaa pale, mtoto pale. Tukafunga kamba toka kwenye jiwe mpaka kwenye kigingi, tukagawa mistari ya mita moja moja, mi nikaingia maji ya kiuno na mtoto wa Gungu akabaki maji ya magoti baada ya kupokezana kukaa juu ya jiwe. Nilipunguza sensitiviti, nikaongeza kasi ya mashine kutenganisha kitu na kitu kwa sababu ya misumari, ukiwa na pete imelala sentimita tano toka kwenye msumari mashine ya taratibu inasikia msumari tu. Nilichimba kila kitu kuanzia 1 kwenda juu. Saa tatu na nusu. Foili kumi na saba, vizibo sikuhesabu, kijiko, ndoano ya shaba, senti ishirini ya mbuni ya 1966, hereni moja ambayo dada kaitambua ni ya jirani yao, ameshampelekea. Upepo ukaanza, mawimbi yakapanda, nikatoka.

Pete bado. Tumemaliza mistari saba tu kati ya ishirini na mbili, na ile ya ndani zaidi ndo mama anapoamini, kule maji yananifika shingoni na sijaweza kusimama. Ziwa linashuka taratibu toka mwezi wa tano, mwezi wa kumi na wa kumi na moja ndo linakua chini kabisa. Kigingi nimekiacha, namba za mistari nimeziandika kwenye daftari, mtoto wa Gungu kapiga picha ya jiwe kwa pande tatu. Mama kaniuliza nitarudi lini nikamwambia mwezi wa kumi, wiki ya kwanza, mstari wa nane. Kasema atakuja na mkeka.